Wito Haulipi Bodi ya Mikopo

Kila msimu wa udahili, kijana wa Kitanzania anayetaka kusomea ustawi wa jamii hupewa nasaha ileile na wazazi, walimu na viongozi wa dini: kazi hiyo ni ya wito, anayetaka fedha akatafute kwingine. Nasaha hiyo huvaa vazi la heshima. Kwangu mimi ni hila, hata kama wengi wanaoitoa hawana nia mbaya, kwa sababu inamzuia kijana kupiga hesabu kabla ya kusaini mkataba wa mkopo, ilhali upande wa pili wa mkataba umeshapiga zake zote. Ada, bumu, fedha za vitabu na za mafunzo kwa vitendo, kila senti inaandikwa kwa jina la mkopaji. Siku ya kurejesha, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu haimuulizi mtu kama aliitwa au alijipeleka.

Basi tuipige hesabu hiyo. Mchukue mhitimu wa shahada aliyeajiriwa na halmashauri kwa mshahara wa msingi wa shilingi 800,000, mwenye deni la shilingi milioni 10. Mshahara na deni ni vya mfano, viwango vya makato ndivyo vilivyopo. Mfuko wa pensheni unachukua asilimia 5, yaani 40,000. Kodi ya mapato kwenye 760,000 zinazobaki ni 68,000. Bima ya afya ni asilimia 3, yaani 24,000. Kisha Bodi inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ambayo ni 120,000. Mkononi zinabaki 548,000, na hapo hajalipa chumba, nauli, wala mchango wa harusi ya binamu anayeamini kuwa aliyesoma keshapata. Makato ya Bodi yanazidi kodi ya serikali kwa zaidi ya nusu yake, na yataendelea kwa karibu miaka saba.

Angalia sasa tofauti kati ya makato hayo mawili. Kodi inapanda kwa ngazi: shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi kitu, zinazofuata zinatozwa asilimia 8, na kiwango kinaongezeka hadi asilimia 30 kwa kipato kinachozidi milioni moja. Aliyeiandika sheria ya kodi alijua kwamba shilingi ya mwenye kipato kidogo ndiyo ya unga na mafuta ya taa. Marejesho ya mkopo hayana ngazi. Kiwango kilikuwa asilimia 8 mpaka Bunge lilipobadili sheria mwaka 2016 na kukifanya asilimia 15, kwa mhandisi wa mgodini na kwa afisa ustawi wa kata sawasawa. Wito ungekuwa na thamani tunayoisema kwenye mahafali, hapa ndipo ungeonekana. Hauonekani.

Nitajibiwa kwamba deni la siku hizi ni jepesi. Kweli, tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo na adhabu ya asilimia 10 kwa wachelewaji ziliondolewa mwaka 2021, na lilikuwa jambo jema. Deni halivimbi tena mtu anaposubiri ajira. Lakini kusubiri kwenyewe ndiko kunakomla huyu mhitimu, kwani mwajiri wake mkubwa ni mmoja tu, serikali, na wa pili ni miradi ya wafadhili. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, kila mwenye macho aliona ajira za miradi zimesimama juu ya nini. Katikati hapo kuna kujitolea: mwenye shahada anahudumia wagonjwa na familia zao bila mshahara, miezi kwa miezi, akingoja tangazo la Sekretarieti ya Ajira. Akichoka akafungua kibanda cha miamala ya simu, kanuni ya waliojiajiri inamtaka alipe asilimia 10 ya kipato, na isiwe chini ya shilingi 100,000 kwa mwezi. Anayepata 300,000 atoe theluthi nzima! Mwajiriwa wa kipato hichohicho angekatwa 45,000.

Pingamizi lenye uzito zaidi linasema kwamba vijana wakianza kuhesabu, watoto walio kwenye mazingira hatarishi na wanawake waliopigwa watakosa mtu. Naligeuza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemkabidhi afisa ustawi wa jamii kazi ambazo mahakama ya watoto haiwezi kwenda bila hizo, ikiwamo ripoti ya uchunguzi wa mazingira ya mtoto kabla ya kutolewa uamuzi. Faida ya kazi hiyo inakwenda kwa jamii nzima, gharama ya kuisomea inabaki kwa mtu mmoja. Kazi ambayo taifa limeifanya ya lazima kisheria, kisha likaiacha itegemee moyo wa kujitoa, itakimbiwa na wenye moyo huohuo pindi watakapopata watoto wa kulea.

Wengine wamelijadili hili kwa namba. Uingereza inakata asilimia 9 ya kile tu kinachozidi kiwango maalumu cha kipato. Aliye chini yake halipi. Marekani ilipitisha mwaka 2007 utaratibu wa kumfutia salio la mkopo wa serikali kuu mtumishi wa umma au wa shirika lisilo la faida baada ya malipo 120. Karibu waombaji wote wa mwanzo walikataliwa kwa vikwazo vya makaratasi, na ilichukua miaka mpaka waliofutiwa wakavuka milioni moja, kufikia mwaka 2024. Aibu ile haifuti wazo lenyewe.

Kwetu, kukata asilimia 15 kwenye kinachozidi 270,000 kungempunguzia yule wa 800,000 kutoka 120,000 hadi 79,500 kwa mwezi, akalipa kwa miaka kumi na nusu badala ya saba. Watetezi wa Bodi watasema marejesho ndiyo yanayowakopesha wadogo zao, na mfuko ukijaa polepole kuna atakayekosa ada. Ni hoja ya haki, na jibu lake liko kwenye ngazi ileile: anayepokea milioni nne akatwe zaidi ya asilimia 15, amalize mapema, mfuko upate fedha zake kwa yule asiyezisikia zikitoka. Na wakati Bunge halijakigusa kifungu cha asilimia 15, mzazi wa mwombaji aulize mambo mawili kabla ya kuzungumzia wito: mkopo wote utafika kiasi gani mpaka mwaka wa mwisho, na ni nafasi ngapi za afisa ustawi wa jamii zilizotangazwa katika miaka mitatu iliyopita.