Talaka Yangu Imo Kwenye Bati la Biskuti

Talaka yangu naiweka kwenye bati la biskuti, chini ya kadi za kliniki za wanangu na risiti ya kiwanja. Ni karatasi mbili, zimebanwa kwa pini iliyokwisha kushika kutu, na muhuri wa mahakama umefifia ukawa rangi ya maji ya rozela. Wajukuu wakilifungua bati hilo kutafuta biskuti nawafokea kuliko wakicheza na moto. Wanasema bibi ana kituko. Hawajui kwamba nilikaa kwenye meza ya ukarani wa mahakama ya mwanzo miaka 35, mkoani Tanga, na katika miaka hiyo niliona watu wengi sana waliokuja kuachana na wachache mno waliorudi kuchukua karatasi yao.

Kwetu talaka ni jambo la mdomo. Mume katamka, mke kafunga virago, shangazi kaja na kirikuu kubeba kabati, mtaa mzima umejua. Kwa Waislamu wenzangu kuna na ile karatasi ya daftari la shule, imeandikwa kwa kalamu ya bluu, "nimekuacha talaka moja", na mashahidi wawili. Mwanamke anakaa eda, eda inaisha, anajiona huru. Kwa dini yake huenda yuko sawa, mimi si shehe. Lakini kwa sheria ya nchi, huku Tanzania Bara, ndoa hiyo bado ipo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka amri ya mahakama, na hata talaka iliyotamkwa na mume Mwislamu inakuja kutiwa nguvu na mahakama baada ya Baraza la usuluhishi wa ndoa kushindwa kuwapatanisha. Zanzibar wana utaratibu wao wa kadhi, sheria hii haivuki bahari.

Mwaka jana, mvua za vuli zikiwa zimeanza, alikuja nyumbani kijana mmoja wa makamo. Alinikuta nachambua mchicha.

"Shikamoo mama. Nimeambiwa wewe ndiye ulikuwa karani pale mahakamani miaka ya tisini."

"Marahaba mwanangu. Nilikuwapo. Nani anakudai?"

Hakuwa anadaiwa. Baba yake alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma. Ukoo ulikaa kikao, ukamteua yeye awe msimamizi wa mirathi, akafungua shauri. Siku ya kusikilizwa akatokea bibi mmoja na cheti cha ndoa cha 1979, akaweka pingamizi. Anasema yeye ni mjane halali, na ile thumuni ya wake agawane na mama yake kijana. Nyumbani wote walikuwa wakisikia kwamba yule bibi aliachwa zamani, tena mahakamani. Hakimu akasema vizuri, leteni hati. Ndipo hapo familia nzima ikatazamana.

Nikamuuliza maswali yale yale niliyokuwa nikiwauliza watu dirishani. Mahakama gani? Mwaka gani? Nani alifungua, mume au mke? Namba ya shauri unayo? Hakuwa na namba, na hilo ndilo la kawaida, maana hakuna anayejua namba ya talaka ya babake. Kuhusu mwaka akasema "kama tisini na mbili hivi, au tatu, kaka yangu alikuwa darasa la kwanza." Hilo lilitosha kuanzia. Nikamwonya jambo moja linalowapotezea watu siku nzima: usimtafute mwanamke kwa jina la mumewe. Rejista za wakati ule zinamwandika kwa baba yake, fulani binti fulani. Ukipitisha kidole ukitafuta jina la ukoo wa mume utafika mwisho wa kitabu hujamwona, naye yumo.

Tulikwenda wote. Karani wa sasa ni msichana mpole, ana kompyuta, na mashauri siku hizi yanafunguliwa kwa mtandao. Lakini mfumo wake haujui habari za 1993. Akaturuhusu masijala ya ndani, chumba kile kile, rafu zile zile za chuma. Majalada ya zamani yamefungwa kwa kamba ya katani, mengine yamenata kwa unyevu yakawa kama mkate. Jalada letu hatukuliona. Labda lilipanda mahakama ya wilaya kwa rufaa ya mtu mwingine, likachanganywa humo, jalada likipanda kushuka kwake ni bahati. Labda panya. Tukahamia kwenye rejista, vitabu vile virefu vya jalada gumu, na hapo ndipo nilipoiona.

Mstari mmoja. Shauri la ndoa, mwaka 1993. Jina la mdai, jina la mdaiwa, fulani binti fulani. Uamuzi: talaka imetolewa. Mwandiko ni wangu. Ile "t" yangu yenye mkia, niliyofundishwa na masista, siwezi kuikosea. Tulikuwa na mazoea pale ya kumsainisha mtu pembeni akichukua nakala ya hukumu. Pembeni ya mstari ule pako peupe. Hakusaini mume, hakusaini mke.

Najua kwa nini. Sikumbuki siku yenyewe, ila najua, kwa sababu ndivyo tulivyofanya kwa wote. Hakimu anasoma hukumu, wazee wa baraza wanatikisa vichwa, watu wanatoka nje chini ya mwembe wakilia au wakicheka. Mwanamke akija dirishani kuuliza, namwambia, "Bado haijachapwa, njoo wiki ijayo." Mashine ya kupiga chapa ilikuwa moja na utepe umekwisha. Wiki ijayo anatoka kijijini kwa nauli ya kukopa, namwambia tena njoo wiki ijayo. Safari ya tatu haji. Mimi nilikuwa sina ubaya naye. Nilikuwa na faili arobaini mezani.

Ya kwangu niliipata kwa sababu nilijua. Nilikaa kwenye benchi la mahakama ya watu wengine mpaka saa tisa na nusu mchana, nikagoma kuondoka. Karani mwenzangu alinichukia.

Kwa hiyo ninapowashauri wanawake wa mtaani kwangu, na wanaume pia, siku hizi wanakuja wengi, nasema mlango wa mahakama si wa kwanza wala si wa mwisho. Wa kwanza ni Baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata, au la dini yako kama limetambuliwa kwa kazi hiyo. Watu wanalidharau, wanaona ni wazee wa kuwasimanga tu. Lakini kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinazuia kufungua shauri la talaka kabla ya kupita hapo, isipokuwa kwa sababu chache, kama mwenzio amekukimbia hujui aliko, au ameitwa akakataa kwa makusudi kufika. Baraza likishindwa linatoa hati, ile wanayoiita Fomu Namba 3. Isomeni kabla hamjaondoka! Inatakiwa iseme kwamba Baraza limewasikiliza na limeshindwa kuwapatanisha. Nimeona barua ya "tunamleta kwenu mama huyu kwa msaada zaidi", imegongwa muhuri, na mahakama ikaipokea, na miaka kadhaa baadaye mahakama ya juu ikafuta kila kitu, talaka, mgawanyo wa nyumba, vyote, kwa sababu barua ile si hati. Na hati yenyewe ina umri. Iwe haijapita miezi sita tangu itolewe hadi siku unayofungua shauri. Mtu anaiweka kabatini akimsubiri mume abadilike, mwaka unapita, anaileta imekufa.

Shauri lenyewe unaweza kulifungua mahakama ya mwanzo iliyo karibu nawe. Sheria imezipa mahakama nne mamlaka ya kuanza kusikiliza ndoa: ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi na Mahakama Kuu. Ya mwanzo ni ya Kiswahili tangu enzi na enzi, na huo ni utajiri ambao hatuusifu vya kutosha. Mahakama za juu ziliandika hukumu kwa Kiingereza kwa miongo na miongo, mtu anaachwa kwa lugha asiyoijua. Kama ndoa haijafika miaka miwili utaomba kwanza ruhusa ya mahakama. Na usije ukasema "nimemchoka" ukanyamaza. Hakimu anatafuta kama ndoa imevunjika isirekebishike: ukatili, uzinzi, kutelekezwa, kutengana miaka mitatu. Leta majirani waliosikia, leta karatasi ya hospitali.

Habari ya mali nayo ina kisa ambacho huwa nawasimulia, kwa kuwa wengi wanajua nusu yake tu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, iliamua katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kupika, kufua, kulea, vyote vinahesabiwa. Tangu hapo jina lake linatajwa mahakamani kila mke anapodai chake. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama iliona kwamba mumewe alikwisha kumpa fedha za mradi wa familia naye akazitapanya, basi ikahesabu kwamba fungu lake amekwisha kulila. Wanawake wakisikia mwisho huo huguna.

Mlango wa mwisho ndio huu ninaoupigia kelele. Hukumu ikisomwa, usiende nyumbani kushangilia. Omba nakala ya hukumu na ya tuzo siku hiyo hiyo, kwa maandishi, na ubaki na nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri. Asiyeridhika ana siku 45 za kukata rufaa, na siku hizo hazimsubiri aliyeambiwa njoo wiki ijayo. Ukiipata karatasi, kaisajili RITA, kwa kuwa wao ndio wenye daftari la talaka kama walivyo na la ndoa. Ndoa yako imeandikwa kwa msajili, na talaka yako je, iko wapi?

Lakini nikisema hivyo najisikia kama ninamtupia mzigo mtu aliyekwisha kuelemewa. Mama aliyetoka kupigwa, ana watoto watatu na hana nauli, eti ndiye afukuzie nyaraka za serikali kutoka ofisi hadi ofisi. Hapana. Mahakama ndiyo iliyoivunja ndoa, basi mahakama ndiyo impe kila mmoja nakala yake bila kuombwa, na ndiyo ipeleke taarifa kwa msajili. Hakimu aitaje tarehe ya kuchukua nakala anaposoma hukumu, kwa sauti, watu wakiwapo. Na zile rejista ndefu za zamani zipigwe picha ukurasa kwa ukurasa kabla mchwa hawajamaliza, waanze na za ndoa na mirathi. Sioni sababu ya kungoja mradi wa wafadhili kwa kazi ambayo vijana wawili wenye simu nzuri wataimaliza kwa mwezi.

Yule bibi wa pingamizi nilionana naye siku hakimu alipomwita aoneshwe mstari wa rejista. Nilidhani nitamkuta mtu wa hila. Nilimkuta mwanamke mwembamba, khanga imepauka, amekaa kwenye benchi na mkoba wa nailoni mapajani. Hakukana kitu.

"Nilijua ameniacha," aliniambia. "Nilikuwapo, nilisikia. Nilikuja hapa mara mbili, nikaambiwa njoo wiki ijayo."

Mwaka 1998 alipata mchumba. Shehe akataka aone karatasi ya talaka ya mahakama, asije akamfungisha mke wa mtu. Karatasi hakuwa nayo. Wakaishi hivyo hivyo, miaka 13, hadi yule bwana akafa. Sheria inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi hadi jamii ikawahesabu mume na mke, wanachukuliwa kuwa wameoana. Lakini dhana hiyo inavunjika mmoja akionekana ana ndoa nyingine iliyo hai. Ndugu wa marehemu walikwenda kutafuta, wakakuta cheti cha 1979 na hakuna talaka. Wakamtoa ndani na godoro lake. Basi mume wa kwanza alipokufa, akafikiri kwa hesabu zake: kama karatasi zinasema mimi ni mke wa huyu, basi na niwe mke wa huyu.

"Mlitaka nioneshe nini, mwanangu? Ninayo hiyo moja tu."

Sikuwa na la kumjibu. Sikumwambia pia kwamba ule mwandiko ni wangu.

Hakimu aliagiza itolewe nakala ya ukurasa ule, ithibitishwe kwa muhuri, moja kwa kijana na moja kwa bibi. Kwa karatasi hiyo pingamizi lake lilikuwa limekwisha, na alielewa hivyo. Karani akamletea kidau cha wino, kwa kuwa hajui kusaini, akamwonesha pa kugonga: pembeni ya mstari wa 1993, pale mahali peupe. Akagonga dole gumba. Akajifuta wino kwenye upindo wa khanga, akaikunja karatasi mara nne, akaitia mkobani, akauliza daladala ya mwisho inaondoka saa ngapi.