Mkasi na Jina la Kanga

Mikoba iliyoshonwa kwa kanga imeenea Dar es Salaam na Mji Mkongwe wa Unguja, nayo husifiwa kuwa ni kumbukumbu ya mambo ya kale. Kwa mtazamo wa kwanza hapana ubaya: fundi anapata riziki, mgeni anapata zawadi, na kanga inazidi kutembea. Lakini mingi kati ya mikoba hiyo ina kasoro ambayo rangi nzuri haziwezi kuificha: haina jina.

Kanga ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Pindo huizunguka, mji huipamba, jina huisemesha. Majina ya awali yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ya baadaye kwa herufi za Kirumi. Hati ilibadilika, desturi ya kusema ikabaki. Mwanamke anayechagua doti katika maduka ya Kariakoo husoma kwanza, ndipo aulize bei. Na yule anayevuka kwa pantoni kutoka Kigamboni, akateremka Magogoni kajitanda kanga yake, huenda amebeba mgongoni jibu kwa wifi au onyo kwa jirani, maneno ambayo heshima haimruhusu kuyatamka kwa kinywa.

Litazamwe jina moja mashuhuri: "Japo sipati, tamaa sikati." Ni vipande viwili vyenye kina kimoja cha "ti", ni ushairi uliotimia kwa maneno manne. Fundi asiyelisoma huweka "Japo sipati" ubavuni mwa mkoba, na "tamaa sikati" ikaangukia kwenye mabaki chini ya cherehani. Kilichokuwa ustahimilivu kimegeuka manung'uniko. Mkasi umelikata neno lililoapa kutokata.

Watetezi wa mikoba hiyo husema kwamba kanga imekatwa tangu zamani. Ni kweli, lakini doti hukatwa mara moja tu, baina ya kanga na kanga, ili kila moja ibaki na jina lake. Ikichakaa huwa nepi ya mtoto, kisha tambara la jikoni. Hata hivyo, wakati huo imekwisha kusema. Mkoba huikata kanga mpya, isiyopata kuvaliwa wala kusomwa.

Husemwa pia kwamba mila haigandishwi. Nani aliyetaka igande? Husimuliwa kwamba kanga yenyewe ilizaliwa katika karne ya 19 kwa kuunganishwa leso zilizoletwa na Wareno. Kilichozaliwa na sindano hakiogopi sindano. Na anayetaka rangi tupu, kitenge kipo, wala hakina jina la kujeruhiwa.

Dawa yake si ngumu. Jina hukaa katika mstari mmoja, juu ya pindo la chini. Fundi aweza kulitoa zima na kulizungusha mdomoni mwa mkoba, au kulilaza upande wa mbele. Lisipoenea, mkoba na uongezwe, jina lisipunguzwe. Na mnunuzi asiyejua Kiswahili aambiwe amenunua neno gani.

Mkoba wa namna hiyo utabeba fedha, funguo na simu kama mikoba yote. Juu ya hayo utabeba mstari wa shairi, mzigo ambao kanga imeubeba kwa zaidi ya karne moja bila kuutua.