MAARIFA YA NYUMBANI: Tone la Mafuta na Raba ya Breki

Kipande cha mpira wa ndani wa baisikeli, kilichooshwa na kukaushwa, chatosha kuonyesha jambo ambalo kila dereva wa kikosi apaswa kulijua. Mbali na moto, lidondoshwe juu yake tone la maji na, kando, tone la mafuta ya taa. La maji husimama kama ushanga. La mafuta hutandaa, kimo chake hupungua, na baadaye huonekana kama limetoweka. Halikukauka lote, kiasi chake kimeingia ndani ya mpira, na hapo mpira umevimba. Kipande kikiwa chembamba hujikunja, kwa kuwa upande uliolowa umekua kuliko ule mkavu.

Mpira ni nyuzi ndefu za molekuli zilizosokotana. Maji hayapatani nazo, lakini mafuta ya taa, petroli na oili ya injini ni jamaa zake, huzipenya na kuzitenganisha. Mpira mbichi ungeyeyuka kabisa, na ndivyo ipatikanavyo gundi ya kuzibia pancha. Ule ulioivishwa kwa salfa, kazi ambayo Charles Goodyear aliipatia hataza Marekani mwaka 1844, nyuzi zake zimefungwa vifundo. Huo hauyeyuki, huvimba tu.

Hata hivyo tone halitambai kwa wepesi. Ukingoni mwake umajimaji huuvuta mpira laini juu ukawa tuta dogo lisiloonekana kwa macho, na kulisogeza tuta hilo hula nguvu. Carré, Gastel na Shanahan walilieleza jambo hilo katika jarida la Nature mwaka 1996. Mpira ukiwa unavimba, ukingo wa tone huweza kukwama kitambo, kisha ukaruka mbele. Wataalamu huuita ucheleweshaji huo breki, na jina hilo lina kejeli yake, kwani ni breki za gari hasa zinazoharibiwa na tone la namna hii.

Raba zilizomo katika silinda kuu ya breki za magari mengi zimetengenezwa zipatane na mafuta ya breki ya glaikoli, yasiyo jamaa ya petroli. Fundi akiziosha kwa dizeli, au dereva aliyeishiwa akijazia oili ya injini, raba hunywa, huvimba na kulegea. Huziba kitundu ambacho mafuta hurudia. Breki hukamata bila kukanyagwa na kupata moto. Hatimaye kanyagio laweza kuzama hadi chini, pengine mteremkoni, askari wakiwa nyuma.

Kumwaga mafuta yaliyochanganyika hakutoshi. Mfumo wote husafishwa, na raba zilizoguswa hubadilishwa. Kuoshea sehemu hizo hutumika mafuta safi ya breki au spiriti. Aina ya kujazia husomwa kwenye kifuniko cha kopo la gari, kwa kuwa yako magari machache yanayotaka mafuta mengine. Na ile chupa ya nyumbani iliyowahi kutiwa oili isitiwe mafuta ya breki, hata ikioshwa kwa sabuni.