Meza Si Msaada

Tuambiane ukweli. Kila tamasha la mashabiki wa komiki, anime na gemu linapoandaliwa Nairobi, waandaaji hutenga kona ya watengenezaji gemu wa hapa nyumbani. Kwenye mabango kona hiyo husifiwa kweli kweli. Ukifika, unakuta meza, laptopu moja, kontrola moja, na kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi. Gemu iliyo kwenye skrini ameiunda yeye, usiku, baada ya kazi inayomlisha. Na hiyo meza ameilipia.

Hapo kwa kulipa tukae kidogo. Jirani yake wa kushoto anauza stika. Wa kulia anauza tisheti za Naruto. Hao wakitozwa, sina neno. Ni biashara: ukiuza vizuri, kufikia saa nane mchana pesa ya meza imerudi na umeanza kula faida. Lakini mwenye gemu hana cha kuuza siku hiyo. Gemu yake haijaisha. Alichokuja nacho ni kipande cha dakika kumi cha watu kujaribu. Kumtoza sawa na muuza tisheti ni kama kumtoza mkulima ada ya soko siku ya kupanda.

Ukiwauliza waandaaji, jibu liko tayari: "Lakini si unajulikana?" Kujulikana, bana. Kujulikana hakununui tokeni za stima. Kuweka gemu moja Steam ni dola 100 kabla hujauza nakala hata moja, na ukianza kuuza, wanakata asilimia 30. Kufungua akaunti ya kuuzia Google Play ni dola 25. Pesa nyingi kwa kijana wa Kayole, sikatai, lakini angalau unapata duka lisilofungwa usiku. Meza ya wikendi inakupa nini?

Inaweza kukupa kitu kimoja ambacho hakuna duka linakiuza: vidole vya mtu asiyekujua. Nimeshinda nyuma ya meza kama hiyo nikimsaidia rafiki, na siku hiyo ilinifunza kuliko mihadhara yote niliyokalia kabla sijaacha chuo. Mgeni anashika kontrola, wewe unanyamaza. Usimwambie aruke wapi, kwa sababu akiwa kwake hutakuwepo kumwambia. Unatazama tu. Watu watano wakikwama kwenye mlango ule ule, jua mlango ndio mbovu. Kisha anakuja mtoto wa miaka tisa, anapenya ukuta ulioapa haupenyeki. Mambo hayo huwezi kuyagundua peke yako chumbani, maana gemu yako unaijua hata ukifumba macho.

Sasa angalia tunavyoiharibu nafasi hiyo. Meza zile ziliwekwa ubavuni mwa spika za jukwaa kuu, kwenye mashindano ya Tekken na ya ile gemu ya mpira ambayo siku hizi inaitwa EA Sports FC lakini mtaani itabaki kuwa FIFA. Gemu ya rafiki yangu ni ya kutisha, na kinachotisha ni nyayo unazozisikia nyuma yako. Nyayo gani utasikia hapo, na mtangazaji anapiga mayowe kwa bao la Mbappé? Soketi moja iligawanywa na meza nne. Kiti kilikuwa kimoja, cha mwenye meza, kwa hivyo mgeni alicheza akiwa amesimama, begi begani, huku watu wakimsukuma kupita. Hapo huwezi kujua kama ameacha kucheza kwa sababu gemu inachosha au kwa sababu miguu inamuuma.

Na sisi tunaokuja na tiketi tusijifiche nyuma ya waandaaji. Wengi wetu hata hatucheze. Mtu anafika mezani, anauliza, "Hii imeundwa Kenya? Wacha!" Anapiga selfi, anasema tunajivunia wewe, anaenda kutafuta chipsi. Huo mshangao umepitwa na wakati. Nairobi X, gemu ya viumbe wa anga wanaovamia jiji hili, ilitoka mwaka 2015. Mwaka uliofuata, Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, ikatoa Aurion. Kwamba tunaweza, tulishajua. Swali lililobaki ni kama gemu iliyo mbele yako ni nzuri, na utajuaje bila kuicheza? Mwambie mwenyewe kwamba kuruka kunachelewa, maandishi ni madogo, bosi wa kwanza ni mgumu kupita kiasi. Ataumia kidogo, kisha aende nyumbani akarekebishe. Selfi hairekebishi chochote.

Kuna wanaosema Wakenya hawalipii gemu. Uongo. Ingia kibanda chochote cha PlayStation mtaani, uone watoto wakihesabu sarafu za mechi moja, aliyeshindwa akiinuka, mwingine akiketi. Tumekua tukilipia gemu kwa dakika. Na hakuna aliyewahi kumwambia mwenye kile kibanda awashe mashine bure ili ajulikane. Pesa tunatoa. Tunaitoa kwa gemu za watu wa mbali, kisha za hapa nyumbani tunazitilia makofi.

Makofi nayo yana matokeo. Mtengenezaji asipolipwa na wachezaji, atalipwa na mwingine, na mara nyingi huyo mwingine ni shirika lenye bajeti ya ujumbe: nawa mikono, panda miti, kataa rushwa. Sina ugomvi na sabuni. Lakini mtu aliyeota gemu ya mizimwi wa Ngong anapomaliza miaka mitatu akichora viini vya magonjwa vyenye miguu, tumempoteza, hata kama kodi ya nyumba inalipwa. Wengine huacha kabisa, wanaenda kuandika programu za mikopo ya simu. Siwalaumu.

Najua ukumbi Westlands haukodishwi kwa maombi. Basi mtozeni anayekuja kuuza. Mtozeni mdhamini wa vinywaji mwenye banda la orofa mbili. Anayeleta gemu ambayo haijakamilika apewe meza bure, kwa sababu watu wananunua tiketi kuja kuona gemu, na yeye ndiye amezileta. Awekwe mbali na spika. Apewe soketi yake na viti viwili. Na hata dakika thelathini za jukwaa kuu, mtu acheze gemu yake mbele ya umati, na mtangazaji apige mayowe yale yale.

Nanyi watengenezaji, acheni kushukuru kwa kila kitu. Kabla ya kutuma hiyo M-Pesa, ulizeni meza iko wapi, stima ni ya nani, viti ni vingapi. Jibu likiwa "mtajulikana", kusanyeni pesa hiyo ninyi wanne, mkodi kibanda cha PlayStation Jumamosi moja, mchomeke laptopu kwenye zile TV, na muwaite watoto wa mtaa. Hao watacheza. Na gemu ikiwa mbovu, watawaambia kabla hamjauliza.