Kisima Kipimwe Kwanza
Tangu miaka ya 1970, wananchi wa Bangladesh walichimbiwa mamilioni ya visima vya pampu ili waepukane na maradhi ya kuhara yaletwayo na maji ya madimbwi. Nia ilikuwa njema. Lakini maji hayo hayakupimwa aseniki, sumu ya ardhini isiyo na rangi, ladha wala harufu, ambayo hata kuchemsha hakuiondoi. Baada ya miaka mingi ya kunywa, wengi walipatwa na madoa mwilini, ugumu wa ngozi viganjani na nyayoni, na saratani.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita. Kikomo hicho hakionekani kwa macho. Hivyo, mtumishi anayewakabidhi wananchi kisima kisichopimwa hajatimiza wajibu wake.