Fungu la mtumbwi lirudi kwenye mtumbwi

Jina la Sekenke linapotajwa, wengi hukumbuka mambo mawili. La kwanza ni ule mteremko mkali wa barabara ya Singida kwenda Nzega, ambao madereva wa malori huuheshimu. La pili ni dhahabu. Wajerumani walichimba dhahabu hapo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1916, walipobanwa na vita na kuishiwa fedha, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora ikapigwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Sarafu zilizosalia bado zinang'aa, kwa kuwa dhahabu haishiki kutu wala haiozi.

Mali nyingine ya ukanda huo haina bahati hiyo. Si mbali na Sekenke kuna Ziwa Kitangiri, linalopokea maji ya Mto Wembere na kuyatoa kwa Mto Sibiti kuelekea Ziwa Eyasi. Kaya nyingi za Iramba na wilaya jirani hupata kitoweo na ada za shule kutokana na perege na kambare wa ziwa hilo. Chombo cha kuwafuata samaki hao ni mtumbwi wa mbao, na mtumbwi wa mbao ukiachwa bila kupakwa kitu, huanza kufa siku ile ile unaposhushwa majini.

Ni ukweli usiopingika kwamba wavuvi wengi wadogo huhesabu gharama ya nyavu na ya mafuta ya injini, lakini gharama ya kutunza ubao wa chombo chenyewe haimo katika hesabu. Kusugua na kupaka mtumbwi hadi ung'ae huonekana kuwa anasa ya watalii wenye boti za kutembelea fukwe. Mtazamo huo unawagharimu wavuvi fedha nyingi, na umefika wakati ubadilike.

Kinachoua ubao ni rahisi kukieleza. Mionzi ya jua huharibu gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, ndipo ubao hugeuka rangi ya majivu na kuanza kuchambuka. Ubao unapolowa hutanuka, unapokauka hunywea. Mtumbwi unaolowa alfajiri na kuanikwa juani mchana hutanuka na kunywea kila siku. Baada ya muda misumari hulegea, maungio hufunguka na vichwa vya mbao hupasuka. Kitangiri ni ziwa lenye kina kifupi, na kiangazi maji yanapopungua mitumbwi hubaki nchi kavu kwa muda mrefu. Hapo ndipo jua humaliza kazi.

Mng'ao wa chombo kilichopakwa vizuri unaonyesha kwamba ubao umefungwa. Maji hukaa juu yake kama matone na kuteleza, badala ya kunywewa. Chombo kilichofifia kinaeleza kinyume chake, kwamba mlango uko wazi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mvuvi ukuta huo ni mtumbwi mpya.

Wenyeji wa pwani walilijua jambo hili tangu zamani. Mafundi wa Lamu, Unguja na Pemba hukalafati maungio kwa pamba iliyolowekwa mafuta, kisha sehemu ya chini ya chombo hupakwa deheni, yaani mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Mbao za juu hupakwa sifa, mafuta ya ini la papa ambayo harufu yake humtangulia baharia. Kazi hiyo haikuwa ya hiari. Katika mgawo wa mapato ya uvuvi wa pwani, chombo kina fungu lake kama mtu, na fungu hilo ndilo linalopaswa kununua pamba, mafuta na kazi ya fundi.

Historia ya maziwa ya bara nayo ina ushahidi. Julai 1916, mwaka ule ule wa sarafu za Tabora, Wajerumani waliizamisha meli yao ya Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika ili isiangukie mikononi mwa adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 walikuta injini na maboila bado vinafaa, na Mei 1927 meli hiyo ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Kama grisi iliweza kulinda chuma chini ya maji kwa miaka kadhaa, mvuvi hana sababu ya kudharau kopo la mafuta.

Hata hivyo si kila mafuta yanafaa. Katika maziwa mengi ya Afrika Mashariki wavuvi hupaka mitumbwi oili chafu iliyomwagwa kutoka katika injini za magari, kwa sababu hupatikana kwa bei ndogo au bure. Oili hiyo hubeba chembe za metali na masizi ya injini. Haikauki kwenye ubao, bali hutoka kidogo kidogo kila mtumbwi unapoingia majini, na samaki anayelala sakafuni mwa chombo hicho huokota harufu yake. Katika ziwa dogo lenye kina kifupi uchafu huo hauna pa kwenda. Anayeokoa shilingi kwenye rangi huku akiharibu samaki anayemuuza hajaokoa kitu.

Jambo la kushangaza ni kwamba dawa ya tatizo hili ipo mkoani Singida kwenyewe. Singida na jirani yake Tabora ni mikoa ya nyuki, na Tanzania ni miongoni mwa nchi za Afrika zinazouza nta kwa wingi nje ya nchi. Pamoja na hayo, warina asali wengi bado hukamua asali na kutupa masega. Singida pia ni mkoa wa alizeti, na mashine za kukamulia zimeenea hadi vijijini. Nta na mafuta ni malighafi mbili kuu za polishi ya mbao.

Utengenezaji wake hauhitaji kiwanda kikubwa. Masega yaliyokamuliwa huchemshwa katika maji, huchujwa kwa kitambaa, na yakipoa nta huganda juu. Sehemu moja ya nta safi ikiyeyushwa pamoja na sehemu tatu au nne za mafuta kwa uzito, hupatikana mchanganyiko laini unaopakwa kwa kitambaa. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, hivyo iyeyushwe kwa kuweka sufuria ndani ya sufuria nyingine yenye maji ya moto. Ikiwekwa moja kwa moja juu ya moto inaweza kuwaka.

Mafuta ya kitani ndiyo yanayosifika kwa kukauka vizuri kwenye ubao. Ya alizeti hukauka polepole zaidi, kwa hiyo yapakwe tabaka jembamba sana, yaachwe yanywewe, na yanayobaki yafutwe. Atakayetumia ya kitani asirundike vitambaa vilivyolowa, kwani vinaweza kujipasha joto na kushika moto vyenyewe. Vitandazwe vikauke.

Ni vyema pia kusema nta haiwezi nini. Haizibi ufa. Maungio yaliyofunguka yanahitaji kalafati kwanza. Nta peke yake haizuii mionzi ya jua kama rangi inavyoizuia, na huchakaa, hivyo lazima irudiwe. Rangi haishiki juu ya ubao uliopakwa nta, kwa hiyo mwenye mtumbwi achague mapema: ubavu wa nje upate rangi ya mafuta, na nta iende ndani ya chombo, kwenye kingo, makasia na upondo. Sakafu anaposimama mvuvi isipakwe kabisa, maana utelezi unaua. Na mafundi wa kuunda mitumbwi wana faida ya ziada: vichwa vya mbao mbichi vikipakwa nta iliyoyeyushwa, hukauka polepole na kupasuka kidogo.

Wenye boti za faiba nao wasijione wamesalimika. Januari 2024 jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa boti na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo usio na riba kwa wavuvi wa Kanda ya Ziwa. Faiba haiozi, lakini jua hula ngozi yake ya juu, nayo hufifia na kuacha unga mweupe mkononi kama chaki. Hapo ndipo tofauti ya polishi na nta inapaswa kueleweka. Polishi husugua na kuondoa tabaka jembamba lililokufa. Nta hufunika kilichobaki. Anayepiga polishi kila mwezi anaimaliza ngozi ya boti yake. Anayepaka nta juu ya unga anafungia uchafu.

Utaratibu wake ni kuosha kwa maji safi na sabuni laini, kukausha, kusugua polishi pale tu palipofifia, kisha kupaka nta kivulini, eneo dogo dogo, na kufuta kwa kitambaa safi cha pamba. Mkopo wa boti hulipwa kwa miaka, na boti iliyochakaa kabla ya marejesho kuisha ni deni lisilo na chombo.

Hoja inayosikika mara kwa mara ni kwamba mvuvi mdogo hana fedha wala siku ya kupoteza. Hoja hiyo ipimwe kwa hesabu. Chukulia, kwa mfano tu, mtumbwi ulionunuliwa kwa Sh1,200,000. Ukidumu miaka minne, umemgharimu mwenyewe Sh300,000 kwa mwaka. Ukitunzwa ukadumu miaka sita, gharama hushuka hadi Sh200,000. Hata utunzaji ukila Sh60,000 kila mwaka, bado zimebaki Sh40,000 mkononi, mbali na siku za kazi ambazo zingepotea chombo kikivuja. Kila mwenye mtumbwi anaweza kuweka tarakimu zake mwenyewe katika hesabu hiyo, mradi aandike. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kikwazo kikubwa zaidi ni cha umiliki. Mara nyingi mwenye mtumbwi si yule anayeingia nao majini. Mwenye chombo hukaa mjini na kupokea fungu lake. Mvuvi hukaa na chombo lakini si chake. Wa kwanza haoni ubao ukipasuka, wa pili haoni faida ya kupaka mali ya mtu mwingine. Fungu la chombo hukatwa kila jioni kwa jina la mtumbwi, kisha huishia kwenye matumizi ya nyumbani. Kwa maneno mengine, mtumbwi hufanya kazi na haulipwi.

Ipo haja, basi, ya kurudisha maana ya fungu hilo. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, viweke kanuni kwamba sehemu ya fungu la chombo iwekwe kwenye akiba ya matengenezo, chini ya daftari linaloonwa na mwenye mtumbwi na wavuvi wake. Siku moja kila baada ya miezi michache iwe ya kusugua na kupaka, na anayefanya kazi hiyo alipwe kama aliyekwenda kuvua. Mvuvi akilipwa kwa kupaka, hatahitaji kuhubiriwa.

Halmashauri ya Wilaya ya Iramba na maofisa uvuvi wake wanaweza kusaidia bila bajeti kubwa, kwa kuwakutanisha wavuvi wa Kitangiri na vikundi vya wafuga nyuki. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973 kwa kazi za aina hii, lina nafasi ya kufundisha uchujaji wa nta na ufungashaji wa polishi kwenye makopo. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA) unao wataalamu wa vyombo wanaoweza kuonyesha matumizi sahihi. Soko la kwanza liko hapo hapo ziwani, na la pili liko kwa mafundi seremala wa kila mji wanaonunua polishi ya dukani kila wiki.

Wachimbaji wadogo wa Sekenke wanaendelea kushuka mashimoni kutafuta kinachong'aa, na wengi hupanda mikono mitupu. Wavuvi wa jirani hawana haja ya kubahatisha. Nta iko mizingani, mafuta yako mashineni, na mtumbwi uko ufukweni ukisubiri fungu lake. Msimu wa kiangazi, vyombo vinapokuwa nchi kavu, ndio wakati wa kuanza.