SAUTI YA JUU HAITAKI NGUVU

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mwaka jana ukingo huo niliufikia mimi mwenyewe, mbele ya umati, rekoda mkononi.

Ilikuwa siku ya tamasha la muziki. Tulikuwa wanafunzi 12. Noti za chini tulizipiga vizuri sana, lakini tulipofika kwenye zile za juu, lo! Rekoda zililia kama mlango usiotiwa mafuta. Watu wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo baadhi ya wenzetu wanasema ati rekoda ni mchezo wa watoto wa shule ya msingi, na kikundi chetu kivunjwe. Mimi napinga. Kosa halikuwa la rekoda, lilikuwa letu. Tulidhani sauti ya juu inataka nguvu.

Hebu niwaeleze nilichojifunza. Katika rekoda ya soprano, E ya chini na E ya juu hushikwa kwa vidole vile vile. Tofauti ni kidole gumba cha kushoto tu. Ukitaka ile ya juu, gumba linaacha upenyo mdogo kwenye tundu la nyuma, mwembamba kama ncha ya ukucha. Sisi tulikuwa tunaliacha tundu wazi, halafu tunapuliza kama mtu anayewasha jiko la makaa mabichi. Ukipuliza hivyo, noti inapanda kupita mahali pake ama inapasuka. Pumzi ya noti ya juu iende mbio kidogo, lakini iwe nyembamba na tulivu, itoke tumboni wala si kooni. Ulimi nao uguse taratibu.

Na msidhani ni sisi wa rekoda tu. Mwalimu wetu wa muziki alituchezea kazi ya Igor Stravinsky, Le Sacre du printemps, iliyosikika mara ya kwanza Paris mwaka wa 1913. Inaanza na basuni peke yake. Basuni ni ala kubwa ya kupuliza, bomba lake refu limekunjwa, na tumeizoea kwa sauti nzito za chini. Lakini pale inaimba juu, juu kabisa, bila kupiga kelele. Mwalimu alisema mpigaji akiubana mno kwa midomo ule mwanzi mdogo anaoupuliza, sauti nayo inabanwa. Kumbe dawa ni ile ile: pumzi!

Sasa pumzi ya namna hiyo haipatikani kwa wiki mbili za zima moto kabla ya tamasha. Yataka kushika noti moja ndefu kila siku mpaka iache kutetemeka. Sisi wa shule ya kutwa tutafanyia wapi? Rekoda za shule zinafungiwa stoo. Mimi nilinunuliwa yangu na shangazi, lakini nikipuliza noti mbili tu nyumbani, jirani anagonga mabati: "Wewe kijana, nyamazisha hiyo kitu!" Simlaumu. Basi huwa naenda uwanjani kila Jumamosi, na siku hizi E ya juu inanitii mara saba kati ya kumi. Wenzangu wasio na shangazi je?

Kwa hivyo nawaomba walimu wetu wapendwa, stoo ifunguliwe dakika 15 tu wakati wa chakula cha mchana. Masomo hayataharibika. Nanyi mnaotaka tuvunjwe, ngojeni kwanza tufanye mazoezi ya kweli mwaka mmoja, kisha mtuhukumu. Haba na haba hujaza kibaba.

Wasalaam.